Adhabu Imekwisha, Je, Maradhi Nayo?

Kijana akifungwa kwa wizi, jamaa zake hulia. Lakini akiwa aliiba ili apate fedha ya unga, wengine miongoni mwao hushukuru kwa siri, wakasema: "Afadhali yuko ndani. Huko hataupata, na siku atakayotoka atakuwa mtu." Maneno haya hutokana na mapenzi, na mzazi wa Korogwe huyasema kama asemavyo mzazi wa Mombasa. Walakini yamebeba khatari, na yapasa tuieleze.

Kwanza ijulikane unga, yaani heroini, hufanya nini mwilini. Mwenye kuutumia kila siku, mwili huuzoea hata usiweze kutulia bila ya huo. Akiukosa, humshika maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha na kukesha. Wenyewe huita arosto. Baada ya siku kadhaa maumivu hayo hupungua, bali hamu hubaki, pengine kwa miaka. Basi ukuta wa gereza waweza kumtenga mtu na unga, wala si kila mara, lakini ukuta hautibu.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Aliyekaa miezi bila unga, mwili wake huwa umepoteza ule uzoefu. Atokapo, akirejea kipimo chake cha zamani, kile alichokistahimili kabla ya kufungwa chaweza sasa kumkata pumzi. Wataalamu wa Marekani walichunguza khabari za watu waliotoka magereza ya jimbo la Washington, na mwaka 2007 wakatangaza waliyoyaona: katika majuma mawili ya kwanza, khatari yao ya kufa kwa kuzidiwa na dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Majuma mawili! Nazo ndizo siku ambazo sisi twampikia pilau na kudhani kuwa shida imekwisha.

Je, tiba iko? Iko. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa wagonjwa hawa methadoni, dawa ya maji ambayo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Baadaye kliniki zilifunguliwa mahali pengine, jijini Tanga pakiwamo. Huduma hii imefika hata magerezani: Segerea, Dar es Salaam, na Shimo la Tewa, Mombasa. Ndivyo pia zitakavyo Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015: mfungwa atibiwe kama atibiwavyo raia, na tiba yake isikatike anapoingia wala anapotoka.

Huenda mtu akauliza: "Je, huku si kuondoa ulevi kwa ulevi?" Sivyo. Methadoni itolewayo na tabibu kwa kipimo humwondolea mgonjwa arosto bila kumpa ule ulevi wa unga, hata akaweza kufanya kazi, kulala na kusali akiwa na akili zake. Mwingine atasema: "Na mali ya watu aliyoiba?" Hukumu ni haki, na tiba haiifuti. Lakini tukumbuke kwamba mtu mmoja aliadhibiwa kwa ulevi mbele ya Mtume (s.a.w.), na baadhi ya waliokuwapo walipomlaani, Mtume aliwakataza, akawaonya wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Adhabu ilitekelezwa, na udugu haukukatwa.

Kwa sisi wa Korogwe na Handeni iko taabu ya njia. Kutoka Korogwe hadi Tanga ni yapata kilomita mia, na dawa ya kila siku haifuatwi kwa nauli ya kuokoteza. Kwa hiyo jamaa wasingoje siku ya kufunguliwa. Wakati kijana angali ndani, waulize kama anatibiwa. Na kama anatibiwa, atapokewa na kliniki gani akitoka. Pengine itafaa akae kwanza kwa ami au shangazi yake Tanga hata atengemae. Jambo hili hupangwa kabla, na nyumba nzima.

Akisharudi, asiachwe peke yake katika majuma yale mawili. Mkimkuta amelala haamshiki, anakoroma vibaya au pumzi zimekuwa chache, na midomo imegeuka rangi, msidhani ni usingizi: mlazeni kwa ubavu na kumkimbiza hospitali ya Magunga au iliyo karibu, wala msione haya kumwambia tabibu alichotumia. Haya huua.

Mwisho, apewe kazi, hata ndogo, na nafasi yake katika safu msikitini bila kunong'onwa. Hakimu amekwisha kumhukumu, na kifungo amekwisha kukitumikia. Hukumu ya pili, ile ya barazani, haina siku ya kufunguliwa. Na wengi waliorudi kwenye unga, waliupata mlango huo ukiwa wazi baada ya milango yetu kufungwa.