Nondo wa Maua ya Mbaazi

Bakuli la mbaazi za nazi kando ya mahamri ni jambo la kila asubuhi katika nyumba zetu za pwani, wala halihitaji maelezo. Lisilotajwa sana ni mahali zinapotoka. Mbaazi za Kenya kwa wingi hulimwa Ukambani, katika Makueni, Kitui na Machakos, na wenyeji huziita nzuu. Hupandwa kwa mvua za Oktoba na Novemba. Zile za mbegu ya zamani hazivunwi mpaka kiasi cha Agosti ya mwaka wa pili. Mahindi yakikaushwa na jua, mama wa Kibwezi au wa Mwingi hubaki akiitazama mibaazi yake, nayo ikichanua hujiliwa na mgeni.

Mgeni huyo ni nondo mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye mabaka meupe mbawani yanayopenya nuru kama kioo. Wataalamu humwita Maruca vitrata. Mchana hujibanza chini ya majani. Usiku hutoka na kutaga mayai juu ya matumba na maua ya mbaazi na kunde. Yai huanguliwa kwa siku chache tu, na kiwavi anayetoka, mweupe mwenye madoa meusi mgongoni, hujitia ndani ya ua asionekane. Kiwavi mmoja huweza kula maua manne hadi sita kabla hajakomaa. Hushona maua, majani na maganda pamoja kwa nyuzi zake, kisha hutoboa ganda na kuzila punje changa. Baada ya wiki mbili hivi hushuka chini, akajifunga katika kifuko cha nyuzi, na wiki moja baadaye hutoka nondo mwingine.

Yuko na mwenziwe, Helicoverpa armigera, aliye mkubwa zaidi. Huyu hula kichwa kikiwa ndani ya ganda na kiwiliwili kikining'inia nje, kama mwizi aliyekwama dirishani.

Taabu ya mkulima i katika saa. Kiwavi akishaingia gandani, dawa haimfikii. Fedha imepotea, na sumu imebaki juu ya chakula. Basi hapana budi apigwe wakati wa maua. Lakini maua ndiyo malisho ya nyuki, na Kitui ni nchi ya asali, hiyo hiyo tunayoinunua kwa ajili ya watoto wenye kikohozi. Anayenyunyiza dawa asubuhi, nyuki wakiwa kazini, huokoa mbaazi na kuua mizinga ya jirani. Huo, kwa maoni yangu, ni udhalimu hata kama shamba ni lake mwenyewe. Njia iliyo bora ni kukagua matumba mapema, na ikilazimu dawa, inyunyizwe jioni nyuki wakisharudi mizingani. Saa hizo kiwavi naye ndipo anapoanza kutembea. Tena dawa isitumiwe ovyo, kwani huua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai yao ndani ya viwavi na kuwamaliza bila gharama. Kituo cha icipe cha Nairobi, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimekuwa kikichunguza kuvu zinazougua wadudu kama hawa, ili sumu ipunguzwe.

Nyumbani, mama anayechambua mbaazi kavu akikuta tundu dogo la mviringo asimlaumu nondo. Hilo ni la fukusi, mdudu mwenye gamba gumu anayezaliana ghalani, naye huzuiwa kwa chombo kinachofungwa kisipitishe hewa. Dalili ya kiwavi ni punje iliyotafunwa ubavuni, au kinyesi ndani ya ganda bichi. Ganda la namna hiyo si la kutupwa lote. Toa punje zilizoliwa, zilizobaki zapikika. Na mbaazi mbichi zioshwe kwanza zikiwa na maganda yake, hata yakiwa safi hayana tundu, kwa sababu mkono unaomenya ganda ndio huo huo unaoshika punje.