Upepo wa Kajiado ni wa Bure, Mbona Tokeni Bado ni Moto?

Ukiwa Gataka siku haina ukungu, tupa macho Ngong Hills. Zile feni nyeupe huko juu ni za KenGen. Mbili za kwanza zilisimama 1993, msaada wa Ubelgiji, na saa hii Ngong inaweza kutoa megawati 25.5. Wasee huenda huko kupiga mapicha na kula mahindi choma, halafu wanarudi Rongai na swali moja: kama upepo haulipiwi, mbona tokeni ya mia mbili haifiki wikendi?

Jibu utalipata ukishuka Kipeto, pande za Esilanke, kule Kajiado ya vumbi, miiba na mbuzi. Huko kuna mitambo 60, kila mmoja megawati 1.7, jumla kama 100 hivi. Ilianza kuuza stima 2021. Laini ya kama kilomita 17 inaibeba hadi Isinya, inaingia kwa gridi ya taifa, na kutoka hapo inachanganyika na ile ya Olkaria na ya mabwawa. Kwa hivyo hakuna kitu kama "stima ya Kajiado" kwa keja yako ya Kitengela, hata kama mtambo uko karibu na wewe.

Sasa doo. Jenereta ya dizeli inakula pesa kila siku kwa mafuta. Mtambo wa upepo haununui mafuta, lakini unakula karibu pesa yote kabla ya kuzunguka hata mara moja. Kipeto ilimeza zaidi ya dola milioni 300, nyingi zikiwa mkopo kutoka Marekani. Mkopo lazima ulipwe, ndio maana Kenya Power ilisaini kununua hiyo stima miaka 20. Na mikataba ya aina hii huwa ya dola au yuro. Shilingi ikianguka, kama ilivyofika karibu 160 kwa dola Januari 2024, tofauti inakujia wewe. Iko ndani ya ile laini ya "Other Charges" kwa SMS ya tokeni, ile watu huruka wakitafuta nambari za kubonyeza kwa mita.

Usianze kuchukia upepo lakini. Bila huo, dizeli ingewashwa zaidi, na gharama ya mafuta pia iko hapo hapo kwa "Other Charges".

Shida ni kwamba upepo hauna ratiba. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane, na ikishuka nusu unabaki na kitu kidogo sana. Mara nyingi unavuma vizuri usiku wa manane wakati umelala na pasi imezimwa. Halafu kuna uzembe wa serikali: mitambo 365 ya Turkana ilikuwa tayari 2017, laini ya kutoa stima ikaja kukamilika 2018. Ule muda wote wa kungoja ulilipiwa. Mabilioni, na si ya mfukoni mwa waziri.

Huko Kipeto kuna pia watu wa kuangalia tai angani. Tai wakikaribia, mtambo unazimwa, kwa sababu miamba ya Kwenia iko karibu na ndiko wanakotaga.

Kitu naona Kipeto ilicheza poa ni shamba. Wenye ardhi hawakufukuzwa. Wanalipwa kodi na kipande cha mapato, wengine wakajengewa nyumba, na ng'ombe bado wanalisha chini ya mitambo. Linganisha na Kinangop, ambako wakazi walikataa hadi mradi ukafa 2016, au Marsabit, ambako korti ya Meru ilisema 2021 kuwa hati za ardhi ya ule mradi wa Turkana hazikutolewa kihalali.

Lakini kodi inamfuata mwenye hati. Kajiado hii tunaijua, kila kona kuna bango la "ploti, mbele ya lami". Mzee akiuza ekari zake leo ndio anunue Probox, na kampuni ije kesho kutafuta mahali pa kusimamisha mtambo, ile hela ya kila mwaka itaenda kwa mnunuzi, ambaye pengine anaishi Kileleshwa.