Taa za Tela Zikikataa Kuwaka

Mkulima apelekaye pamba au mahindi sokoni kwa tela mara nyingi huondoka kabla ya alfajiri, au hurudi jua limekwisha kuchwa. Tela isiyo na taa haionekani gizani, na dereva wa basi ajaye nyuma kwa kasi huiona wakati hana nafasi tena ya kusimama. Basi taa hizo si pambo, bali ni ulinzi wa roho za watu. Maneno haya yahusu tela za trekta na pikapu zenye umeme wa volti 12.

NJIA YA UMEME. Umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi, swichi na plagi, hufika kwenye taa, kisha hauna budi kurudi katika betri. Pasipo njia ya kurudia, taa haiwaki ingawa balbu ni mpya. Waya wa kurudishia umeme mafundi huuita ethi. Huo hufungwa kwa boliti katika chuma cha tela, na chuma hushika kutu kwa mvua, matope na mbolea ya chumvichumvi. Kwa hiyo tazama ethi kwanza, kabla ya kutoa fedha kununua balbu.

DALILI NA DAWA ZAKE.

1. Taa zote ni hafifu, au indiketa ikiwashwa taa nyingine hupepesa pamoja nayo. Ethi ni mbovu. Funga waya wa kujaribia toka chuma safi cha trekta hata chuma safi cha tela. Taa zikiwaka vema, kosa limeonekana. Fungua boliti ya ethi, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake.

2. Taa moja tu haiwaki. Toa balbu. Uzi wake ukiwa umekatika, tia nyingine. Ukiwa mzima, safisha mahali inapokaa.

3. Hakuna taa iwakayo. Tazama fyuzi, kisha pini za plagi. Katika plagi ya pini 7 ya mtindo wa Ulaya, namba 3 ni ethi, 1 ni indiketa ya kushoto, 4 ya kulia, 6 ni breki, 5 ni taa ya nyuma ya kulia, na 7 ya kushoto. Fuata namba, wala usitegemee rangi za waya, maana huenda fundi amezibadili.

4. Fyuzi huungua kila itiwapo. Waya umechubuka na kugusa chuma. Ufuate wote, hasa upitapo penye tundu au karibu na gurudumu, uufunike vizuri.

ONYO. Usitie fyuzi kubwa kuliko ile ya asili, wala kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake. Waya wa tela utapata moto mwingi, na shehena ya pamba au majani makavu yaweza kuteketea.

Kila safari, mtu mmoja asimame nyuma ya tela, mwingine awashe taa za nyuma, breki na indiketa. Kama moja imekataa na giza limeingia, ngoja kupambazuke. Mzigo uliochelewa utauzwa kesho.