Seva tumeipa jina, kazi zake tuzieleze kwa Kiswahili

NENO ‘seva’ si geni tena masikioni mwa Wakenya. Kabla ya Agosti 2017 lilikuwa neno la mafundi wa kompyuta. Kisha ikaja kesi ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa urais wa Agosti 8 mwaka huo. Mahakama ya Juu iliiamuru Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iwape walalamishi nafasi ya kukagua seva zake. Septemba 1 mahakama hiyo ikaufutilia mbali uchaguzi, na katika hukumu yake kamili ya Septemba 20 ikaikosoa tume kwa kutotii amri hiyo ipasavyo. Tangu hapo, “fungueni seva” ikawa kauli ya mama mboga na ya mwendeshaji bodaboda. Mnamo 2023 wito uo huo ulisikika tena katika maandamano ya upinzani.

Kwa mtazamo wa kiisimu, neno hili liliingia na kujitafutia kiti lenyewe. Liliketi katika ngeli ya I-ZI, pamoja na ‘kompyuta’, ‘benki’ na ‘leseni’. Tunasema seva imefungwa, seva zimefungwa. Hakuna mwalimu aliyetufunza upatanisho huo darasani. Tungeweza kulitafsiri kwa kukifuata kitenzi ‘hudumu’, lakini ‘mhudumu’ ni mtu, naye angetulazimu kusema “mhudumu amezimwa ili apanguswe vumbi”. Heri seva.

Hoja yangu leo si jina. Hoja yangu ni kwamba tukishapata jina, aghalabu tunaridhika na kuishia hapo. Tumebishana miaka na mikaka kuhusu ‘kompyuta’, ‘tarakilishi’ na ‘ngamizi’, ilhali vitenzi vya kueleza kinachofanywa na mashine hizo tumewaachia mafundi, nao huvieleza kwa Kiingereza au hawavielezi kabisa. Kimya hicho kina gharama, na wanaoilipa ni wafanyabiashara wadogo.

Chukua mfano wa Spring Valley, hapa Nairobi. Kando ya barabara za Lower Kabete na Peponi, baadhi ya nyumba zilizojengwa kuwa makazi ya familia sasa ni ofisi: wakili hapa, mhasibu pale, daktari wa meno ng’ambo ya ua. Ofisi ya namna hii huwa na wafanyakazi kumi, pengine ishirini. Chini ya ngazi, au katika chumba kilichokuwa stoo ya jikoni, kuna kisanduku kinachovuma mchana na usiku. Hiyo ndiyo seva. Haihifadhi kura za taifa, lakini imebeba mishahara, kodi na siri za wateja.

Seva ni tarakilishi kama nyingine. Kinachoitofautisha ni kazi: nyingine huomba, yenyewe hujibu. Mafundi huziita zile zinazoomba ‘wateja’. Neno hilo lina vituko vyake nchini Kenya, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwenye simu kwamba mteja hapatikani, hata tukaanza kusema “nimempigia, yuko mteja” tukimaanisha mtu hapatikani. Katika mtandao wa ofisi maana imegeuka. Mteja yupo na anangoja. Anayeweza kukosekana ni seva, na hapo ndipo karani anapokwambia, “Leo hakuna sistimu.”

Kinachoifanya tarakilishi iwe seva ni programu iliyowekwa ndani yake. Microsoft ilianza kuuza kifurushi maalumu cha biashara ndogo mnamo 1997. Baadaye ikatoa toleo la Windows Server liitwalo Essentials, lenye kikomo cha watumiaji 25 na vifaa 50. Wasiotaka kulipia leseni huweka Linux, na juu yake programu huria iitwayo Samba. Majina hutofautiana, lakini kazi kubwa zinazoihusu ofisi ndogo ni nne, na zote zinaelezeka kwa Kiswahili.

Kazi ya kwanza ni kutumia faili kwa pamoja. Samba ilianzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mnamo 1992. Alipohitaji jina, aliiamuru tarakilishi itafute katika orodha ya maneno yale yenye herufi S, M na B, ambazo ni kifupi cha itifaki ya kugawana faili, na ‘samba’ likatokea. Lau angefungua kamusi ya Kiswahili, angekutana na ‘sambaza’! Kitenzi hicho Mkenya anakijua vyema, kwa maana hukitumia kumtumia mwenziwe salio la simu.

Hata hivyo, ‘sambaza’ kingetupotosha hapa. Ukiisambaza faili kwa WhatsApp, kila mpokeaji anabaki na nakala yake. Mmoja anasahihisha bei, mwingine anaondoa jina la mteja, na kufikia Ijumaa ofisi ina orodha tano zinazopingana. Seva hufanya kinyume cha hayo. Faili ni moja, mahali pamoja, na kila mtu huijia pale. Picha inayofaa ni ya sinia moja lililozungukwa na walaji. Ndiyo sababu nasema ‘kutumia kwa pamoja’, wala si ‘kusambaza’.

Kazi ya pili ni kujua nani ni nani na anaruhusiwa nini. Mafundi huita kundi la watumiaji na mashine zinazosimamiwa na seva moja ‘domeini’. Waundaji wa istilahi walichagua ‘kikoa’, na kwa maoni yangu walichagua vizuri. Kula kikoa ni kula kwa ushirika, kila mmoja akiandaa kwa zamu. Anayekula kikoa anajulikana, na asiyekuwamo hatii mkono. Seva nayo hufanya vivyo hivyo: unataja jina lako, unatoa nenosiri, ambalo wengine huliita nywila na ofisini wote huliita paswadi, kisha inaangalia orodha yake. Mhasibu anafungua jedwali la mishahara na kulibadilisha. Meneja analisoma tu. Mpokezi halioni kabisa.

Hapa vitenzi vitatu vya kawaida, kuona, kusoma na kubadilisha, vinatosha kueleza kurasa nyingi za mwongozo. Navyo vina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde, na zikifikiwa na asiyeruhusiwa, huku kukiwa na hatari ya wahusika kudhurika, amjulishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua. Ofisi ambayo wafanyakazi wote wanatumia nenosiri moja lililobandikwa kwenye printa haiwezi hata kusema ni nani aliyefungua nini.

Kazi ya tatu ni kuweka akiba ya data, na hapa ndipo ukosefu wa maneno huumiza zaidi. Mwenye ofisi moja ya uhasibu huko Spring Valley aliniomba nimwandalie ukurasa mmoja wa maelezo ya Kiswahili kwa wafanyakazi wake. Nilipomuuliza sababu, alinieleza yaliyomfika. Fundi aliyemwekea seva alikuwa amemtuliza hivi: “Madam, usiwe na wasiwasi. Hii kitu iko na diski mbili.” Madam akaelewa kwamba ana akiba. Miezi kadhaa baadaye, karani akafuta kabrasha la mishahara kwa bahati mbaya. Walipoitafuta diski ya pili, nayo haikuwa na kabrasha hilo. Baadhi ya faili zilipatikana katika kidude cha kuhifadhia data alichokuwa nacho mhasibu, na zilizosalia zikaandikwa upya kutoka kwa makaratasi.

Diski zile mbili zilifanya kazi yake barabara. Zilikuwa diski pacha: kinachoandikwa katika moja kinaandikwa katika nyingine papo hapo, na kinachofutwa katika moja kinafutwa katika nyingine papo hapo. Pacha anakufaa diski moja inapokufa. Hakufai mtu anapokosea, mwizi anapobeba kisanduku kizima, au programu hasidi inapofunga faili na kudai fidia. Neno moja tu, ‘pacha’, lingemfanya mama yule aulize swali lililofuata. “Diski mbili” halikumpa pa kuulizia. Na mishahara si jambo dogo, kwa kuwa sheria ya taratibu za ushuru ya 2015 inamtaka mlipakodi atunze rekodi zake kwa miaka mitano.

Kile alichokihitaji mafundi hukiita ‘bekapu’. Kiswahili kina ‘nakala rudufu’, na baadhi ya watafsiri wa programu wametumia ‘chelezo’. Wapo wanaolicheka neno hili la pili. Mimi nalipenda. Mabaharia wa pwani wanalijua chelezo kama kitu kinachoelea, boya la kushikilia. Chombo kikizama, chelezo kinabaki juu ya maji. Lakini ili kikuokoe, sharti kisiwe kimefungiwa ndani ya chombo kinachozama! Hivyo ndivyo ilivyo kwa data. Kanuni ya wataalamu ni nakala tatu, katika vihifadhi vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na ofisi. Ile ya mbali inaweza kuwa diski inayochukuliwa kila Ijumaa, au nafasi iliyokodiwa katika seva za watu wengine, kule tunakoita ‘winguni’. Na chelezo ambacho hakijawahi kujaribiwa hakijulikani kama kinaelea. Mara moja kwa mwezi, faili moja irudishwe kutoka humo ionekane kama inafunguka.

Kazi ya nne ni kukinga. Kiingereza kina jina linalotokana na ukuta unaozuia moto usivuke kutoka jengo moja hadi jingine. Tafsiri ya sisisi, ‘ukuta wa moto’, imeligeuza jambo juu chini. Msomaji wa Kiswahili anaona ukuta unaowaka, naye hajui kama akimbilie kwake au aukimbie. Mafundi husema ‘fayawoli’, na si vibaya, lakini kazi yenyewe ni ya bawabu. Anasimama langoni, anauliza kila pakiti ya data inatoka wapi na inaelekea wapi, kisha anaifungulia au anaizuia. ‘Kinga ya mtandao’ inaeleweka bila mwalimu.

Bawabu peke yake hatoshi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kwa kupenya katika udhaifu wa itifaki ile ile ya kugawana faili niliyoitaja, jinsi ilivyokuwa katika Windows. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba udhaifu huo Machi mwaka uo huo. Mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa hazijakiweka. Kwa hiyo mwenye ofisi anapoulizwa na seva kama programu zisasishwe, asibonyeze ‘baadaye’ mwaka mzima.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya wataalamu, na kwamba Kiswahili hakina haja nayo. Simkubalii. Kazi imewahi kufanywa. Mnamo 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP. Lakini kazi hizo zilimlenga anayeandika barua na kujaza majedwali. Anayeamua ni seva ipi inunuliwe, na nani aone nini, bado anatia sahihi makubaliano ambayo amesomewa kwa haraka. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mteja anayeomba aelezwe kwa Kiswahili hajamkosea fundi heshima.

Ukurasa nilioandikia ofisi ile haukuwa na istilahi nyingi. Ulikuwa na maswali ambayo mwenye biashara yeyote anaweza kumuuliza fundi kabla ya kulipa. Faili zetu zitakaa wapi, na nani ataweza kuziona, kuzisoma na kuzibadilisha? Mfanyakazi akiacha kazi leo, nani atamwondoa katika kikoa, na lini? Diski ya pili ni pacha au ni chelezo? Chelezo kiko wapi, na mara ya mwisho kujaribiwa ilikuwa lini? Stima ikipotea, betri ya akiba itaiweka seva hai kwa dakika ngapi ili izimike kwa utaratibu? Idadi ya watumiaji ikizidi ile ya leseni, tutalipa nini?

Fundi mweledi atayajibu maswali hayo kwa lugha yoyote anayoulizwa. Asiyeweza kuyajibu kwa Kiswahili huenda hawezi kuyajibu kwa Kiingereza pia, na ni vyema jambo hilo lijulikane kabla ya pesa kutoka mfukoni.