Sufuria ya Jirani Inapoungua

Jioni moja, tukisali na Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo katika nyumba ya kupanga hapa Utemini, Singida, harufu ya maharage yanayoungua ilitufikia kutoka koridoni. Wapangaji walitazamana. Kila mmoja alijua kwamba sufuria ile si yake, na hakuna aliyeinuka hadi moshi ulipotuingilia. Tulipouliza sababu, jibu lilikuwa jepesi: anayegusa chungu cha mwenzake huweza kusingiziwa kudokoa mboga, au jambo baya kuliko hilo.

Wapendwa katika Kristo, hofu hiyo tunaielewa, lakini moto hauisubiri. Maadamu kuna maji ndani ya sufuria, joto la kitako chake halipandi sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi, kwa maana maji yanayochemka huondoka na joto kama mvuke. Yakikauka, kinga hiyo hutoweka. Chakula hugeuka mkaa na moshi. Na kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, sufuria nyembamba iliyosahauliwa juu ya mkaa uliokolea yaweza hata kutoboka.

Hatari kubwa zaidi ni mafuta. Mkoa wetu husifika kwa alizeti, na nyumba nyingi hukaanga kwa mafuta yake. Yanapoanza kufuka moshi yanatuonya. Yakiendelea kupata moto, huwaka yenyewe. Hapo wengi hukosea kwa kumwaga maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama, hugeuka mvuke ghafla na kutanuka takriban mara 1,700, yakirusha mafuta yanayowaka ukutani, darini na usoni. Njia iliyo salama ni kufunika kikaango kwa mfuniko wa chuma, kuzima gesi ikiwa ndiyo inayotumika, na kukiacha kipoe kabisa bila kukibeba. Moto ukishinda, watu watoke nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe kituo cha afya.

Hata hivyo, katika nyumba ya wapangaji wengi maarifa hayatoshi pasipo ruhusa. Kaini alipoulizwa alipo nduguye, alijibu kana kwamba ulinzi wa ndugu haumhusu. Koridoni swali lile hutugeukia sisi. Kwa hiyo tunawasihi wapangaji, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, wakae pamoja na kukubaliana mambo matatu. Anayetoka, hata kwenda dukani mara moja, amkabidhi jiko mtu mmoja anayemtaja kwa jina, au aipue sufuria yake. Anayesikia harufu ya kuungua apaze sauti, kisha aipue mbele ya shahidi. Naye mwenye sufuria ashukuru, asihesabu vipande vya nyama.

Mwenye maharage yale alikuwa amekwenda gengeni. Nyuma ya mlango uliopakana na jiko, mtoto wake alikuwa amelala. Tunamshukuru Mungu kwamba aliamka salama. Lakini jioni ile hakuna hata mmoja wetu aliyestahili kusifiwa kwa hilo.