Matanga Yakishaanuliwa

Siku ya tatu mikeka hukunjwa. Turubai lililofungwa uani hufunguliwa, viti vya kukodi huhesabiwa na kupakiwa, masufuria hurudishwa kwa wenyewe. Kina mama waliolala chini pamoja na mfiwa hujifunga kanga zao upya, wakaaga. Nyumba iliyokuwa haina pa kutia mguu hubaki kimya jioni hiyo, na ukimya huo ndio humshinda mfiwa kuliko kilio cha siku ya kwanza.

Mila zetu zimelijua hilo zamani. Salamu ya pwani kwa mfiwa, “makiwa”, imetoka katika neno ukiwa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na familia nyingi, za Kiislamu kwa za Kikristo, hukusanyika tena siku ya arobaini. Msiba hupewa kalenda, asije mtu akaubeba peke yake.

Vitabu vya kigeni vilileta kalenda ya namna nyingine. Mwaka 1969 daktari Elisabeth Kübler-Ross, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, alieleza hatua tano: kukataa, kukasirika, kubembeleza, kuzama katika huzuni na hatimaye kukubali. Hatua hizo zimenukuliwa kila mahali, ila jambo moja husahaulika: aliokuwa akiwasikiliza ni wagonjwa waliokikabili kifo chao wenyewe, wala si wafiwa. Basi mwenye kulia tena mwezi wa nane, baada ya kudhani ameshakubali, hajarudi nyuma. Hapakuwa na ngazi ya kupanda.

Watafiti wawili wa Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliligusa jambo hili vizuri zaidi mwaka 1999. Kwa maelezo yao, mfiwa huenda na kurudi: leo anamlilia marehemu, kesho anahangaikia ada ya shule, keshokutwa anacheka harusini, kisha harufu ya shati kabatini inamrudisha kwenye kilio. Aliyekulia ufukweni hatashangaa, maji hujaa na kupwa.

Mfano mzuri ni Shaaban Robert. Alipofiwa na mkewe Amina, alimtungia shairi la maombolezo lenye jina lake. Na ni baba huyo huyo aliyemtungia binti yake Utenzi wa Hati, akimuusia namna ya kuishi. Kalamu moja ilimlilia aliyeondoka na kumlea aliyebaki.

Je, msiba hukuza mtu? Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, wanasaikolojia wa Marekani, walitunga mwaka 1996 dodoso la maswali 21 la kupima mabadiliko hayo: uhusiano na watu, njia mpya za maisha, nguvu ambayo mtu hakujua anayo, imani, na kuthamini uhai. Wapo wanaobadilika hivyo kweli. Lakini wenyewe walisisitiza kwamba kukua hakufuti maumivu, na viwili hivyo hukaa nyumba moja. Kwa hiyo anayemwambia mfiwa wa wiki ya pili kwamba msiba huu utamkomaza, heri angenyamaza akaosha vyombo.

Wapo pia ambao maji yao hayapwi. Tangu 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua huzuni ya kufiwa iliyopitiliza: majonzi makali yanayodumu miezi sita au zaidi, kupita desturi na dini ya mtu, hata akashindwa kazi na maisha ya kila siku. Huyo si mwoga wala hajarogwa. Anahitaji mshauri nasaha au daktari, na hutibika.

Kama kuna mfiwa unayemjua, hesabu siku. Arobaini ikipita na wageni wakatawanyika, kesho yake piga hodi. Kaa naye, mtaje marehemu kwa jina lake, umwache asimulie.