Kabla Hujaiuma Korosho

Mpenzi msomaji, hasa wewe wa bara unayeijua korosho ya paketi tu, iliyotiwa chumvi, usije ukafika kwetu Kilifi likizo ya Desemba ukaiokota chini ya mti na kuiuma. Mimi, mzaliwa wa huko huko, nilifanya hivyo nikiwa darasa la tatu kwa sababu ya pupa. Midomo ilifura, ngozi ikabambuka, na uji niliunywa kwa taabu. Wenzangu wakanicheka ati nimekula moto!

Kosa si la kiini, ni la ganda. Ndani ya ganda mna mafuta mazito ya kahawia yanayochoma ngozi. Mkorosho ni jamaa ya mwembe, na wapo watu ambao hata utomvu wa embe huwawasha midomo. Viwandani mafuta hayo ni mali: hutumiwa kutengenezea rangi na breki za magari.

Basi huokotwaje? Sisi hutoka alfajiri, kabla ngedere hawajaamka, na huokota zilizoanguka zenyewe. Usitungue. Mti huu ni mdanganyifu: korosho hukua kwanza hadi ikafikia ukubwa wake wote, ingali kijani na changa, ndipo bibo (wengine husema kanju) huvimba juu yake na kuwa jekundu au la manjano. Kwa hivyo ukubwa si dalili ya kukomaa. Tena, tunda hasa ni hiyo korosho. Bibo ni kikonyo tu kilichonenepa. Lakini ni kikonyo kitamu jamani! Lifyonze ukiinama, maana doa lake kwenye shati halitoki ng'o.

Korosho huanikwa juani siku mbili tatu. Kisha nyanya huzikaanga nje, kamwe si jikoni. Huchukua bati kuukuu lililotobolewa matundu, akaliweka juu ya moto mkali na kuzigeuza kwa mti mrefu. Ganda likishapata moto, mafuta huchuruzika na kuwaka, moshi mweusi ukatanda. Hapo simama upande unakotoka upepo, kwani moshi huo huwasha macho na kifua. Zikisha kuwa nyeusi huzimwaga mchangani, moto ukazimika na mchanga ukanyonya mafuta yaliyosalia.

"Mjukuu wangu, majivu kwanza!" nyanya hunikumbusha kila mwaka. Hupaka majivu viganjani ili mafuta yasishike ngozi, halafu ndipo tunapopasua, korosho moja moja, juu ya jiwe. Ukigonga kwa nguvu umeponda kiini. Ukigonga kidogo ganda halifunguki. Si mchezo.

Zinazotoka nzima huenda stendi ya mabasi, na ndizo zilizoninunulia sare na madaftari ya kidato cha kwanza. Zilizovunjika ni zetu za kutafuna. Nakiri kwamba mkono wangu huvunja nyingi kuliko wa nyanya, naye ameanza kushuku.